Tega Kamera Kama Dema: Picha za Michezo ya Skuli Zenye Fokasi

Picha iliyonifunza kazi hii ni ya mwembe. Niliipiga jioni moja hapa Madungu, katika mechi ya mwisho ya mashindano ya skuli za sekondari, nikiwa na kamera ya kuazima na imani kubwa. Ilipigwa kona. Kijana mmoja, namba tisa, akapaa juu ya mabeki wawili, kichwa kikakutana na mpira, wavu ukatikisika, kiwanja kizima kikapiga kelele. Nilibonyeza kwa wakati wake hasa. Usiku nilipoifungua picha kwenye kompyuta, mwembe ulio nyuma ya goli ulikuwa umekaa vizuri mno, jani kwa jani, hata vikonyo vya maembe unavihesabu. Mbele ya mwembe palikuwa na ukungu mweupe wenye umbo la mtu.

Kesho yake kijana akaja mlangoni.

"Asalaam alaykum, kaka. Jana ulinipata?"

Nikamwonyesha nilichokuwa nacho. Aliitazama picha kwa muda, akasema, "Ahsante kaka, insha'Allah mara nyengine," akaondoka. Alikuwa Kidato cha Nne na mitihani ilikuwa mlangoni. Ile mara nyengine hakuipata tena akiwa na jezi ya skuli.

Tangu siku ile nimekaa pembeni ya viwanja vingi vya Chake Chake, na ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya mwanafunzi, mwalimu wa michezo au mzazi wa Madungu aliyepata kamera au simu nzuri na anataka mtoto aliyeruka aonekane ameruka, na jicho lake lionekane. Mtoto wa sekondari huichezea skuli yake miaka michache tu. Hakuna televisheni inayomfuata. Usipompiga wewe vizuri, hana picha.

Kwanza tuutambue ugonjwa, ndipo tutafute dawa. Watu husema tu "picha imetoka vibaya", lakini picha isiyo wazi ina sababu zaidi ya moja, na kila sababu huacha alama yake. Ivute picha kwenye skrini uitazame kwa karibu. Ukiona kila kitu, goli, watazamaji na minazi, kimeburutwa kuelekea upande mmoja, basi mkono wako ulitikisika. Ukiona kiwanja kimetulia lakini miguu na mikono ya mchezaji imefutika, spidi ya shata ilikuwa ndogo. Ukiona nyasi za hatua mbili nyuma yake ziko wazi na yeye hayuko wazi, fokasi iliangukia pengine. Na ukiona picha nzima inacheza kama kitu kinachotazamwa ndani ya maji, hilo ni joto. Mchana ardhi ya kiwanja ikishika moto, hewa iliyo juu yake huupindisha mwanga, na ukipiga kutoka upande mmoja wa kiwanja hadi wa pili unapiga kupitia mazigazi. Hakuna lenzi inayotibu hilo, hata ya mamilioni. Sogea karibu, au ngoja jua lipungue nguvu.

Mwembe wangu ulikuwa ni ugonjwa wa fokasi kuangukia pengine, nami nilipoteza miezi nikiutibu kwa dawa ya mkono unaotikisika. Nilikuwa nabana viwiko, nazuia pumzi, naegemea nguzo. Picha zikaendelea kuwa vilevile.

Nianze na spidi, maana hesabu yake ni nyepesi. Kijana anayekimbia kwa nguvu zake zote huenda kiasi cha mita 8 kwa sekunde. Shata ikiwekwa 1/250 ya sekunde, katika muda ule mdogo ambao mlango wa kamera uko wazi, kijana amesogea sentimita 3 na kitu, ambao ni kama upana wa jicho lake. Kwa hiyo jicho limefutwa na jicho. Ukiweka 1/1000, amesogea milimita 8 tu. Mguu unaopiga mpira huenda kwa kasi zaidi ya mwili, kwa hivyo hata kwenye 1/1000 ncha ya kiatu itafutika kidogo, na mimi siioni kuwa kasoro. Inaonyesha kuwa mguu ulikuwa kazini. Uso ndio ambao haufai kufutika. Kwa mpira wa miguu na mbio mimi huanzia 1/1000, na mwanga ukiniruhusu napanda hadi 1/1600. Netiboli huridhika na 1/800. Chini ya 1/500 siendi ila kwa sababu mbili nitakazozieleza mbele.

Watu wengi huogopa spidi kubwa kwa sababu picha inakuwa giza, kisha wakipandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, wanaogopa zile chenga zinazojitokeza pichani. Usiogope chenga. Picha yenye chenga huchapishwa, hutundikwa ukutani, na bibi wa mchezaji akamtambua mjukuu wake. Kwenye picha ya ukungu hatambuliwi mtu. Weka kamera kwenye M, hali ya kupanga mwenyewe, spidi 1/1000, apecha (tundu la lenzi) iliyo wazi kabisa kadiri lenzi inavyokubali, na ISO uiachie kamera ijipangie yenyewe. Jua likiwa kali, lenzi ya kawaida yenye f/5.6 hupata 1/1600 kwa ISO 200 tu. Lakini kumbuka sisi tuko wapi. Pemba iko nyuzi 5 kusini ya ikweta, na jua letu halichwei kwa madaha kama la nchi za baridi. Mechi za skuli huanza baada ya sala ya Alasiri na zinatakiwa ziishe kabla ya Magharibi. Mwaka mzima jua huzama kati ya kiasi cha saa 12 na robo na kiasi cha saa 1 kasorobo, na dakika ishirini baadaye ni kiza. Kipindi cha kwanza unacheza na ISO 400, na dakika kumi za mwisho, ambazo ndizo zenye penalti na machozi, kamera inadai 6400. Iache ipande. Usishushe spidi kuifurahisha ISO.

Na lile jambo la "kuzuia mtikisiko" lililoandikwa kwenye lenzi, VR au IS, lisikudanganye. Linazuia mtikisiko wa mkono wako wewe. Mchezaji aliye mbele yako halimzuii hata kidogo.

Sasa fokasi yenyewe. Kamera ikitoka dukani mara nyingi huwa imewekwa hali ya kufokasi mara moja na kutulia. Unabonyeza kitufe nusu, inalia kidogo, inashika umbali ule, basi. Hiyo ni nzuri kwa picha ya harusi. Kwa kijana anayekujia mbio, kati ya ule mlio na picha kupigwa tayari amekaribia kwa mita nzima. Itafute hali ya kufuata: Canon huiita AI Servo, au Servo kwenye kamera mpya, Nikon, Sony na Fujifilm huiita AF-C. Humo, kamera huendelea kupima umbali kila mara maadamu kidole chako kimebonyeza.

Kisha mnyang'anye kamera ule uhuru wa kuchagua. Ukimwachia achague sehemu ya kufokasi katika fremu nzima, atachagua kilicho karibu zaidi au chenye mistari mingi iliyo wazi, na majani ya mwembe yana mistari mingi kuliko jezi nyeupe. Chagua kinukta kimoja, au kikundi kidogo cha vinukta katikati, ukiweke kifuani mwa mchezaji, pale penye namba au maandishi. Kifua ni kipana na uso hauko mbali nacho. Nasema hivyo kwa sababu unene wa fokasi ni mdogo kuliko watu wanavyodhani: lenzi ya milimita 200 kwa f/2.8, kwenye kamera yenye sensa kubwa, mchezaji akiwa mita 10 mbele yako, hukupa kama sentimita 40 tu za uwazi, mbele na nyuma kwa jumla. Mguu alioutupa kuelekea kwako utatoka nje ya hizo sentimita. Sawa. Jicho lisitoke. Kamera za miaka ya karibuni zinajua kutafuta jicho lenyewe, na ukiwa nayo itumie, ila kwenye msongamano wa kona hurukaruka kutoka uso huu hadi ule. Hapo rudi kwenye kinukta kimoja.

Kuna kitu kimoja kilichobadilisha kazi yangu kuliko lenzi yoyote niliyowahi kushika: kuiondoa fokasi kwenye kitufe cha kupigia na kuihamishia kwenye kitufe cha nyuma, cha dole gumba, kile kilichoandikwa AF-ON. Menyu ya kamera nyingi inakubali. Dole gumba likishika, kamera inafuata. Ukiliachia, fokasi inabaki pale ilipo, na kidole cha shahada kinapiga bila kuigusa. Siku mbili utajikanganya na kusahau kubonyeza, siku ya tatu mkono unazoea. Faida yake utaiona pale refa anapopita mbele ya mchezaji wako: unaachia dole, refa anapita, unashika tena.

Na anza kumfuata mchezaji kabla ya kumhitaji. Mwanzo nilikuwa nainua kamera nikiona jambo linatokea. Jambo likishatokea kamera bado inatafuta. Mshike winga tangu anapopokea mpira katikati ya kiwanja, kamera iwe jichoni, dole limebonyeza, umtembeze ndani ya fremu hadi anapofika pale unapopataka. Kamera inahitaji nusu sekunde kuusoma mwendo wake. Mpe.

Hapo ni kumfuata. Kuna njia ya pili, ya wazee, nami naipenda zaidi: kutega. Mvuvi wa dema hamkimbizi samaki. Anajua samaki hupita wapi, maji yakiwa vipi, anaweka dema lake pale na kuondoka. Kiwanjani pia kuna pahala ambapo mchezo lazima upite. Kwenye miruko mirefu ni ubao wa kurukia na shimo la mchanga. Kwenye mbio ni utepe. Kwenye netiboli ni chini ya pete. Kwenye penalti ni kitone cheupe na mikono ya golikipa. Mwambie mwenzako asimame pale kabla ya mchezo, fokasi kwenye kifua chake, kisha sukuma kile kitufe cha pembeni ya lenzi kutoka A kwenda M ili fokasi isisogee tena. Usiguse lenzi. Ngoja. Mrukaji akifika pale, bonyeza mfululizo picha tano au sita. Kamera ya zamani isiyoweza kumfuata mtu kwa haraka, kwa njia hii inatoa picha sawasawa na ya bei kubwa. Kamera ya kwanza yenye fokasi ya kujiendesha kuuzwa kwa wingi, Konica C35 AF, ilitoka mwaka 1977, na kwa kamera kubwa za kubadilisha lenzi mambo yalichangamka mwaka 1985 ilipokuja Minolta 7000. Picha zote za michezo unazozijua za kabla ya hapo zilifokasiwa kwa vidole, na nyingi zilitegwa.

Picha moja katika hizo naipenda kuwaonyesha wanafunzi. Tarehe 25 Mei 1965, mjini Lewiston, Marekani, Muhammad Ali amesimama juu ya Sonny Liston aliyelala chali, mkono wa kulia ameukunja kifuani, anamkemea. Aliyeipiga ni Neil Leifer, kijana wa miaka 22. Itazame tena, katikati ya miguu ya Ali. Kuna mpiga picha mwingine upande wa pili wa ulingo, anaitwa Herb Scharfman, mkongwe wa kazi hiyo. Naye ana kamera, naye yuko karibu, naye anajua kazi kuliko yule kijana. Anachokiona ni mgongo wa Ali.

Kwa hiyo kaa pahala pake. Kwa mpira wa miguu, usikae katikati ya mstari wa pembeni; pale utapata mashavu na visigino. Kaa nyuma ya mstari wa goli, hatua tano au sita kando ya mlingoti, timu inayoshambulia ikujie usoni. Jioni jua liko magharibi, basi jitahidi uwe upande wa magharibi likupige mgongoni au begani na liwapige wao usoni. Ukilazimika kukaa upande wa pili, kamera itahangaika na mwanga unaoingia moja kwa moja kwenye kioo na fokasi italegea. Timu zikibadilishana magoli, na wewe badilisha. Kisha tazama nyuma ya mchezaji kabla hajaja: kuna bodaboda zimeegeshwa? Kuna nguo zimeanikwa? Nyuma iwe mbali kadiri iwezekanavyo, ili hata kinukta kikimkosa, kamera isipate kitu cha karibu cha kung'ang'ania. Hapo ndipo mwembe wangu uliponiponza. Ulikuwa mita nne tu nyuma ya wavu.

Na kaa chini. Nasema kaa, matako kwenye majani au goti ardhini. Ukitaka cha mvunguni sharti uiname. Ukisimama, nyuma ya mchezaji kuna ardhi nyekundu ya kiwanja, na mruko wa nusu mita unaonekana kama hatua. Ukikaa, nyuma yake kuna mbingu na minazi ya mbali, na mruko uleule unaonekana mruko.

Beki mzuri huambiwa na mwalimu wake asitazame miguu ya mshambuliaji, atazame kiuno, maana miguu hudanganya na kiuno hakidanganyi. Mpiga picha naye atazame hapo. Ukiusubiri mpira uingie kwenye fremu umechelewa. Mimi huhudhuria mazoezi ya timu kabla ya mechi nikiweza, bila kamera, ili nijue ni nani hupiga kona, nani huruka mwanzo, na kama golikipa hupenda kujitupa kulia. Saa moja ya kutazama vile imenipa picha nyingi kuliko betri ya pili.

Nikae kidogo kwenye netiboli, kwa sababu wasichana wetu hupigwa picha chache na mbaya, na si kosa lao. Wachezaji wamevaa mitandio, mara nyingi myeupe, na suruali au sketi ndefu zinazopepea. Kinukta cha fokasi hupenda ukingo wa mtandio unaokutana na uso, na hilo ni zuri. Kiache kikae hapo. Lakini mtandio ukitangulia mbele kwa upepo wa kusi, fokasi hushika kitambaa na uso ukabaki nyuma. Dawa ni ileile ya kifuani. La pili ni mwanga: kamera ikiona weupe mwingi hudhani kuna mwanga kupita kiasi, ikaipunguza picha, na uso wa mtoto ukawa giza lisilo na macho. Ongeza mwangaza kwa hatua moja, au theluthi mbili ya hatua. Uso ukipata mwanga wake, hata fokasi huonekana imeongezeka, maana kope na mboni zinasomeka.

Na kuna kilele. Mtu akiruka, kuna mahali juu ambapo hapandi tena na hajaanza kushuka. Ukichukua mruko wa nusu mita, kwa kanuni za mvutano wa dunia atakaa hewani kiasi cha sekunde 0.64, na nusu ya muda huo wote ataumaliza kwenye robo ya juu ya mruko. Yaani theluthi ya sekunde yuko kama ameangikwa. Hapo ndipo pa kupiga. Jioni mwanga ukikuishia na huna pa kupandia ISO, vizia kilele: hata 1/400 huweza kumshika mtu pale juu, wakati chini kwenye mbio 1/400 ingemfuta. Mfungaji wa netiboli ni rahisi zaidi, kwani kanuni zenyewe zinamkataza kukimbia na mpira. Anasimama, anapima, macho kwenye pete. Ukimkosa huyo, tatizo ni kwamba kamera yako ilikuwa chini, unatazama picha zilizopita.

Vipi kama una simu tu? Wengi wetu ndivyo tulivyo, na simu inafanya kazi ukiijua mipaka yake. Futa kioo chake kwanza kwa kitambaa safi cha pamba. Nusu ya picha za ukungu ninazoletewa ni alama za vidole vya mafuta. Usivute zumu kwa vidole viwili, kwa sababu kwenye simu nyingi huko ni kukata picha na kuikuza. Tembea kwa miguu. Piga wakati jua lipo, kabla ya saa 11 na nusu, maana simu kwenye mwanga mdogo hupunguza spidi bila kukuuliza. Na utege: gusa skrini pale unapotaka, ushikilie kidole mpaka ikuonyeshe kwamba fokasi imefungwa, kisha ngoja mchezaji afike, upige mfululizo. Shimo la mchanga na utepe wa mbio ni rafiki wa simu. Katikati ya kiwanja cha mpira si rafiki yake.

Na usikidharau kifaa kidogo. Mohamed Amin, yule mzaliwa wa Nairobi ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliishtua dunia, alianza kushika kamera akiwa bado mtoto wa skuli Dar es Salaam, tena kamera ya Box Brownie iliyokwisha kutumika, kisanduku kisicho na fokasi ya kurekebisha. Mwaka 1963, hajafika hata miaka 21, akaanzisha kampuni yake ya Camerapix. Mwenye kisanduku kile hakuwa na njia ila kujua umbali na kungoja.

Ukifika wakati wa kununua, na kama una ndugu Maskati au Dubai wa kukutafutia kamera iliyotumika, mwambie pesa nyingi aiweke kwenye lenzi, si kwenye kamera. Lenzi ya milimita 85 yenye f/1.8 kwa netiboli na mpira wa wavu, au zumu ya 70 hadi 300 kwa mpira wa mchana. Ikifika, ijaribu kwa mkeka. Utandike mkeka wa ukili barazani, piga magoti kwenye ncha moja, chagua ukili mmoja wa katikati wenye rangi, uwekee kinukta, apecha iwe wazi kabisa, upige kwa mshazari. Vuta picha utazame. Kama ukili uliouchagua ndio uliokaa wazi, lenzi ni nzima. Kama wazi ni ule wa mbele yake au wa nyuma yake, na ukirudia mara tano jibu ni lilelile, kamera na lenzi haziambatani, na baadhi ya kamera zina menyu ya kurekebisha hilo. Mkeka umenionyesha ndani ya dakika mbili yale ambayo fundi mmoja alishindwa kuyaona kwa wiki mbili.

Adui mwingine wa fokasi hapa kisiwani ni kuvu. Unyevu wa bahari na masika huotesha nyuzi nyembamba kama za buibui ndani ya kioo, na picha zote huingia utusitusi ambao hakuna spidi itakayouondoa. Usiihifadhi lenzi kwenye mfuko wa ngozi uliofungwa kabatini. Tafuta kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, weka ndani vile vipakiti vya kukaushia unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na itoe lenzi ipate mwanga mara kwa mara. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya begi robo saa kabla ya kuifungua, la sivyo kioo kitatoka jasho.

Kuhusu adabu nitasema wazi. Kabla ya kuinua kamera, nenda kwa mwalimu wa michezo, msalimie, mwambie picha unazipeleka wapi. Kwa wasichana, muulize mwalimu wao wa kike, na picha ambayo nguo imekaa vibaya ifute palepale hata kama fokasi yake ni ya ajabu. Mzazi akikataa, usimpige mwanawe. Mpiga picha anayeaminiwa huachiwa akae hatua tano kutoka mlingotini. Asiyeaminiwa husukumwa nyuma ya kamba pamoja na watazamaji, na huko nyuma hakuna fokasi.

Ukipata nafasi ya kupiga katika Uwanja wa Gombani usiku chini ya taa, kama zile mechi za Kombe la Mapinduzi za Januari 2025 ambapo Zanzibar iliifunga Burkina Faso 2 kwa 1 kwenye fainali, kuna jambo moja la kuliangalia. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa za aina fulani humweka mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kwa 1/1000 kamera inaona: picha moja ina mwanga, ya pili giza, ya tatu imegeuka rangi. Kamera nyingi mpya zina chaguo la kuzuia mmweko. Kama yako haina, piga mfululizo mrefu kidogo uchague zilizoangukia kwenye mwanga.

Mazoezi hayahitaji mechi. Simama pembeni ya barabara kuu saa 11 jioni, fuata baiskeli na gari za Mkoani kwa kinukta kimoja, dole gumba nyuma, picha kumi kwa kila moja, kisha hesabu ngapi zina uso wa dereva ulio wazi. Hapo pia ndipo pa kujifunza ile kazi ya spidi ndogo niliyoahidi: weka 1/30, uzungushe mwili kutoka kiunoni ukimfuata mwendesha baiskeli sawasawa na mwendo wake, piga huku unaendelea kuzunguka. Yeye hubaki wazi, barabara hugeuka mistari. Mara ya kwanza nilipata moja kati ya arubaini. Ukiiweza, utakuwa na cha kufanya dakika zile za mwisho ambapo kila mwenye kamera ameshaiweka begini.

Na usiku wa mechi, usitume chochote kabla hujaivuta kila picha hadi kwenye jicho. Kati ya mia nne, bakisha kumi na mbili. Ukizituma kwa WhatsApp, zitume kama dokumenti, kwa sababu ukizituma kama picha za kawaida hupunguzwa, na kazi yako yote ya 1/1000 ikafika kwa mama mtu ikiwa na ukungu usiokuwa wako.

Mwaka jana golikipa mmoja wa kike alikuja kuchukua picha yake. Aliikuza kwenye simu mpaka uso wake ukajaa skrini nzima, akaona mchanga ulioganda kwenye nyusi, akacheka. "Dada yangu hataamini kama niliufikia," akasema. Mpira ulikuwa umegusana na ncha za vidole vyake viwili.